Pedi kumi na sita zinatosha, taa wapeni wenye disko

Najua nimepotea. UE zilinibana, halafu bumu likachelewa, na mtu hawezi kuandika akiwa na njaa, teh teh teh. Leo nimerudi na jambo moja tu na naomba nieleweke mapema: sijaja kusalimia, nimekuja kugombana. Grupu letu la WhatsApp limekuwa likipiga kelele wiki mbili kuhusu hela za watoto wa Fukayosi, na kila nikijibu kule kuna mtu anatupia kikatuni halafu hoja yangu inapotelea juu. Sasa nahamia hapa kwangu ambapo hakuna wa kunikatisha.

Kwa ambao hawakuwepo, maelezo mafupi. Mimi kwetu ni Fukayosi. Ukitoka Bagamoyo mjini ukashika ile barabara ya kwenda Msata, unapita Makurunge, unafika kwetu kabla hujaingia Kiwangwa kwenye mananasi. Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana niliangukia shule moja ya kata pande hizo hizo za kwetu. Jina la shule nalihifadhi. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na Historia, lakini jioni nilikuwa nakaa na kikundi cha muziki. Watoto tisa, wasichana watano na wavulana wanne. Hawana kinanda, hawana gitaa, wana ngoma mbili za kuazima na kishikwambi cha mwalimu wao wa hesabu.

Kishikwambi chenyewe mnakijua. Ni vile vilivyotumiwa na makarani wa sensa Agosti 2022, halafu serikali ikatangaza kugawa 293,400 kwa walimu. Wengine walivifungia kabatini vikavimba betri. Huyu mwalimu wetu akasema saa za kazi kitafundisha hesabu, saa kumi jioni kitapiga muziki, na anakaa nao hapo hapo mpaka kinarudi mkononi kwake. Mimi namheshimu sana huyu mzee.

Watoto wakajichangisha, wazazi wakatoa, sisi wa huku chuo tukatoa. Imepatikana 380,000. Lengo lililoandikwa kwenye daftari la michango ni kununua pedi za nje za kuchomeka kwenye kishikwambi, ili mtoto agonge kwa mkono badala ya kuparaza kioo. Lengo lilikuwa hilo tangu siku ya kwanza. Na hapo ndipo wajuaji wa kampasi wakaamka.

Kabla sijaendelea, ndiyo, nimesema pedi. Naona mmeanza kucheka. Maliza kucheka turudi. Tena neno hilo ndilo lililoleta ugomvi wa kwanza, maana dada mmoja tunayesoma naye Education aliandika, bila utani kabisa, kwamba kama mna hela ya pedi nunueni pedi za wasichana, maana wale wasichana watano wa kikundi chenu wanakosa vipindi kila mwezi. Watu wakamcheka. Mimi sikucheka na sitacheka, kwa sababu anachosema ni kweli na mimi nimesimama mbele ya darasa nikaona viti vitupu. Lakini dada yangu, nikuulize kwa heshima: mlipochangisha jezi za timu ya kitivo mwezi wa nne, kuna mtu alisimama akasema hela hizo ziende kwenye taulo za kike? Hakuna. Mpira hauulizwi. Harusi haiulizwi, kadi za laki tunalipa. Ni muziki wa watoto wa shule ya kata ndio unaotakiwa kwanza uthibitishe kwamba hakuna shida nyingine duniani. Njoo tuanzishe daftari la pili kwa ajili ya taulo, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa. Hili la kwanza lina jina lake, na wazazi waliotoa elfu mbili mbili walitoa kwa jina hilo. Kulibadilisha sisi tuliokaa huku ni kuwadharau.

Sasa nije kwenu, ndugu zangu wa taa.

Nyinyi ndio mnaonikera zaidi, kwa sababu nia yenu ni nzuri na ushauri wenu ni mbovu. Mmetuma video sijui ngapi. Mtu ana kibao cha pedi sitini na nne, zote zinawaka rangi, anagonga vidole kama anapika chapati, chini muziki unalia na taa zinakimbia. Mnasema "mnunulie watoto hii, itawavutia". Launchpad Mini, ile MK3 ya mwaka 2019, ndiyo mnayoing'ang'ania. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake. Ila kuna kitu hakuna hata mmoja wenu aliyekisoma kwenye maelezo yake: pedi zake hazijui umegonga kwa nguvu kiasi gani. Ukigonga kwa ncha ya kidole au ukishindilia ngumi, ni sauti ile ile. Imetengenezwa kuwashia vipande vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa, washa hiki, zima kile. Ukitaka inayojua nguvu ya mkono unapanda kwenye Launchpad X, na hapo bajeti yetu inaanza kuomba msamaha.

Hivi jamani, nyinyi mmewahi kuona ngoma ikipigwa kwa nguvu moja mwanzo mpaka mwisho? Mimi nimekulia kwenye ngoma. Ukimsikiliza mpigaji anayejua, mpigo mkubwa unatoka kwa kiganja katikati ya ngozi, mdogo unatoka kwa vidole pembeni, na katikati ya hayo kuna vipigo vingine ambavyo huvisikii vizuri lakini vikiondolewa ngoma inakufa. Utamu uko kwenye vile vidogo. Mzee mmoja mpigaji pale kijijini nilimwonyesha kishikwambi, akagusa kioo mara mbili tatu, akanirudishia, "Mjukuu wangu, hii ngoma haina ngozi." Hakuwa anapinga teknolojia, redio yake ina bluetooth. Alikuwa anasema kilichopo. Kioo cha kishikwambi kinajua umegusa wapi, hakijui umegusa kwa uzito gani. Programu nyingine zinakisia: ukigusa juu ya kiboksi inahesabu umepiga kwa nguvu, ukigusa chini umepiga taratibu. Hiyo ni hila nzuri kwa mtu aliyekaa kwenye daladala. Kwa mtoto anayejifunza kupiga, unamfundisha kulenga, hujamfundisha kupiga.

Ndiyo maana tunataka pedi za nje. Na ndiyo maana kununua pedi za nje zisizojua nguvu ni kutoa 380,000 kununua kioo kingine chenye taa.

Hebu niwaeleze kinachotokea ndani, maana nimegundua wengi wenu mnadhani sauti inatoka kwenye pedi. Haitoki. Pedi ni bubu. Ukigonga, inatuma ujumbe mdogo kwa lugha ya midi, lugha waliyokubaliana watengeneza vinanda mwaka 1983 na mpaka leo ndiyo inayotumika. Ujumbe unasema: pedi namba fulani imegongwa, kwa nguvu fulani. Nguvu inahesabiwa kutoka 1 mpaka 127. Namba nazo zina mazoea yake, 36 ni ngoma kubwa ya chini, 38 ni snea, 42 ni hati iliyofungwa. Kishikwambi kinapokea ujumbe, programu inatoa sauti uliyoipangia. Basi. Kwa hiyo pedi ya bei mbaya haiwezi kukupa "sauti nzuri zaidi" kama alivyodai mshikaji mmoja wa Engineering. Nilimshangaa sana. Wewe wa Engineering!

Faida ya ububu huo ni kwamba sauti unaweka wewe. Watoto wa Fukayosi hawalazimiki kutumia zile sauti za 808 ambazo kila mtu duniani anazo, zilizotoka kwenye mashine ya Roland ya mwaka 1980. Wao walirekodi ngoma ile ile ya kuazima, kwa maiki ya kishikwambi, nyuma ya bwalo. Wakarekodi sufuria, kofi, ndoo ya maji ikipigwa tako, mlango wa stoo. Wakazikata kwenye Koala, ambayo ni programu ndogo ya kurekodi na kukata sauti na inakubali pedi za nje. Wengine wanapenda FL Studio Mobile, mdogo wake ile FL tuliyoizoea kwa jina la FruityLoops. Mimi sina ugomvi na programu. Ugomvi wangu uko kwenye kile kinachokutana na mkono.

Sasa waya. Hapa nataka kusimama kidogo maana kuna watu wawili humu kwenye grupu wamesema kununua pedi ya waya mwaka huu ni ushamba, zipo za bluetooth, safi, hazina makorokoro.

Nichukulie singeli, maana ndiyo wanayopiga hawa watoto, wala wasiombewe msamaha kwa hilo. Singeli inakimbia kati ya mipigo 200 na 300 kwa dakika. Chukua 240 tupate hesabu nyepesi. Sekunde 60 gawa kwa 240, kila mpigo unachukua robo sekunde, yaani milisekunde 250. Kata mpigo huo vipande vinne, kama hati za singeli zinavyokatwa, unapata milisekunde 62 na nusu kwa kipande. Maana yake ni kwamba sauti yako ikichelewa milisekunde 60 tu, umeshaangukia kwenye kipande cha mwenzio. Hujachelewa kidogo, umepiga kitu kingine kabisa. Kwenye bongo flava ya taratibu ya mipigo 90, kipande kama hicho ni kama milisekunde 167, kwa hiyo mtu anaweza kuchelewa na bado akaonekana anaswing. Singeli haina huruma hiyo.

Ukitaka kuielewa kwa njia ya kijijini: sauti inasafiri hewani kama mita 343 kwa sekunde. Milisekunde 10 ni kama kusimama hatua chache kutoka kwenye ngoma, mita tatu na nusu hivi. Hapo kila mtu anacheza vizuri. Milisekunde 60 ni kama ngoma iko mita ishirini. Spika nyingi za bluetooth zinachelewesha milisekunde mia na zaidi, nyingine mia mbili. Mia mbili ni karibu mita sabini! Umpe mtoto fimbo ya mita sabini, mwambie apige ngoma iliyoko upande wa pili wa uwanja wa mpira, halafu useme hana mdundo.

Na ndiyo maana nasema adui mkubwa hata siyo pedi, ni spika. Pedi ya bluetooth yenyewe inachelewesha, lakini spika ya bluetooth inaua. Vishikwambi vya Android vyenyewe vina uchelewaji wao wa ndani, kimoja na kingine havifanani, na cha bei ya kawaida usikitegemee kuwa mwanariadha. Huwezi kuuondoa wote, ila unaweza kukataa kuuongeza. Pedi iwe ya waya. Hedifoni ziwe za waya. Spika iwe ya waya. Na ndani ya programu, kama kuna sehemu ya kuchagua ukubwa wa bafa, shusha mpaka sauti ianze kukwaruza halafu rudi hatua moja. Hii ya mwisho watoto waligundua wenyewe wala hawakufundishwa na mtu, mimi nilikuta wameshaiandika kwa chaki ukutani.

Kuna jambo la umeme pia ambalo video zenu haziwezi kuwaonyesha. Pedi hizi hazina betri zake, zinanyonya kwenye kishikwambi kupitia tundu la USB. Taa zinakula. Kibao cha taa sitini na nne kinataka moto mwingi kuliko kidude cha pedi nane zenye kataa kamoja kamoja, na kishikwambi kikiona kinanyonywa sana kinakata. Halafu tundu lenyewe ni moja! Ukichomeka pedi, huwezi kuchomeka chaji. Betri inaisha, na ni betri ile ile ambayo kesho asubuhi inatakiwa kufundisha hesabu. Suluhisho ni kigawanyio cha USB, ile ekstensheni yenye matundu kadhaa, lakini ile inayokubali chaji kuingia upande mmoja na pedi upande mwingine. Siyo zote zinakubali, kwa hiyo ijaribiwe pale pale dukani na kishikwambi chenyewe. Hela ya hicho kidude itoke kwenye 380,000 hiyo hiyo. Nyinyi mnaopiga hesabu ya pedi peke yake hamjawahi kukaa mahali ambapo umeme ukikatika saa kumi na moja, kipindi kimeisha.

Halafu kuna hili la draiva. Pedi inayotufaa ni ile inayozungumza midi ya kawaida moja kwa moja, unachomeka inafanya kazi, hakuna cha kupakua. Android imeanza kuzielewa vizuri tangu toleo la 6 la mwaka 2015. Vile vikubwa vya kifahari, Push ya Ableton na Maschine, akili yao iko kwenye programu ya kompyuta. Ukivitenga na laptopu unabaki na trei ghali. Najua Push 3 ya mwaka 2023 ina toleo linalojitegemea, asante, mtu ameshaniambia, lakini bei yake ni ya mtu anayenunua kiwanja.

Duka moja Kariakoo, silitaji, nilipita mwenyewe na dogo mmoja kuulizia. Nikauliza: hii inafanya kazi na kishikwambi? Muuzaji, "Inafanya kazi na kila kitu, brother." Nikamwomba nichomeke. Akasema ukishafungua boksi umenunua. Nikaondoka. Msimu huu wa kuuziwa boksi lililofungwa umalizike jamani. Nenda na kishikwambi chako na ka-waya kako ka OTG. Kabla hata hujaenda, jaribu nyumbani kwa kuchomeka mausi ya kawaida. Mshale ukitokea kwenye kioo ujue tundu lako linaweza kuongea na vifaa vya nje. Usipotokea, badilisha waya kwanza, ukikataa tena basi hata pedi itakuwa pambo.

Mnaniuliza sasa mimi nataka ipi. Haya. Kwa wale tisa, nataka pedi kumi na sita, nne kwa nne, nene, za mpira, zinazojua nguvu. Mpangilio huo siyo bahati mbaya. Ulikuja na MPC60 ya Akai mwaka 1988, iliyobuniwa na Roger Linn, na watu wamefanyia kazi hapo miaka karibu arobaini bila kulalamika kwamba zimepungua. Pedi nene maana yake wawili wanaweza kukaa pembeni mmoja huku mmoja huku, mmoja anashika ngoma za chini, mwingine anashika vipigo vidogo. Tisa hawawezi kugawana vidude vya ukubwa wa kokoto. Akai MPD218 inaingia hapo, imetoka mwaka 2015, pedi kumi na sita na vinobu sita, na kwa kuwa siyo mpya mtu anaweza kuipata iliyotumika. Korg nanoPAD2 nayo ina kumi na sita, ni nyembamba, inaingia kwenye begi la shule, ila pedi zake zimepangwa kwa mistari miwili mirefu na hazina unene ninaoutaka. LPD8 ya Akai ni ndogo zaidi, pedi nane tu. Kwa mtu mmoja aliye hosteli ningesema nunua hiyo leo. Kwa kikundi, watoto watagombania.

Mipangilio ya namba kwenye hizi ndogo inabadilishwa kwa programu ya kompyuta, lakini ukishaiweka mara moja inabaki ndani ya pedi. Kwa hiyo mtu mwenye laptopu ajitolee saa moja. Wewe wa Engineering, umeshajulikana.

Nimewaacha mwisho wale wanaoniudhi kimya kimya, wenye kusema eti haya yote ni vya kuchezea, siyo muziki. Bagamoyo ni mji wa sanaa, wanasema, kuna TaSUBa pale, kile kilichokuwa Chuo cha Sanaa tangu 1981, nyumbani kwa marehemu Hukwe Zawose na ilimba yake. Watoto wafundishwe ngoma za asili, waachane na vidude na huo uhuni wa singeli.

Kwanza, hawajaacha ngoma. Nimewaambia ngoma ndiyo waliyoirekodi. Pili, mnakumbuka mchiriku? Vijana wa uswahilini Dar walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo kwa wenzetu ni zawadi ya mtoto, wakaviunganisha na maspika ya honi na ngoma, wakatoa muziki ambao ulifukuzwa kwenye kila mazungumzo ya watu wastaarabu. Jagwa Music walikuja kutoa albamu Ulaya mwaka 2012 kwa muziki huo huo. Singeli nayo ilianza kwa kutukanwa, kisha mwaka 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka kwenye studio ya Mburahati na watu wa Ulaya wakaanza kuandika kwamba wamesikia kitu kipya. Kipya! Wakati sisi mdundiko wa Kizaramo umo ndani yake unatusalimia. Kila mara kidude kilikuwa cha kuchezea mpaka mtoto wa kwetu alipokishika.

Na mimi kama mwalimu mtarajiwa nina swali la kazini. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Tunaimba kila siku kwenye lekcha: ujuzi, ujuzi, mwanafunzi atende. Haya, huyu hapa anatenda. Anahesabu vipande vya mpigo, hiyo ni sehemu na uwiano. Anapima uchelewaji wa sauti, hiyo ni fizikia. Anabishana na mwenzie kuhusu tako la ndoo. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani kwangu hakuwahi kunyoosha mkono, alinieleza kwa nini hati yake inaangukia nyuma ya biti kuliko nilivyowahi kuelezewa na mtu yeyote huku kampasi. Nyinyi mnataka nimwambie anachezea?

Ratiba ni hii. Jumamosi hii tunaenda Kariakoo, mimi na mwalimu mwenye kishikwambi, anashuka na basi la asubuhi kutoka Bagamoyo. Tunachukua kishikwambi, waya wa OTG, kigawanyio cha kuazima na hedifoni za waya. Tunagonga kila pedi moja moja taratibu, halafu kwa nguvu, tukiangalia namba ya nguvu inapanda au imeganda. Ikiganda tunaiacha hapo hapo hata kama inawaka rangi zote za upinde. Chenji ikibaki inaenda kwenye kigawanyio chetu wenyewe na waya wa akiba, maana waya ndio wa kwanza kufa. Mwenye MPD218 iliyotumika na anataka kuuza kwa bei ya kibinadamu anitafute kabla ya Ijumaa jioni. Mwenye video nyingine ya taa naomba aniache nilale.